Kushona zawadi za Krismasi na Mwaka Mpya nyumbani: tuanze Oktoba, tushone vitu vitakavyofuliwa na kudumu

Mleta uzi

Habari zenu wapendwa. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaoshona nyumbani hapa Mwanza, pamoja na wenzetu wa Ukerewe, Sengerema na kwingineko kandokando ya ziwa, ambao mwaka huu wangependa kuwapa ndugu na marafiki zawadi za sikukuu walizozishona wenyewe. Ninaufungua mwanzoni mwa Oktoba kwa makusudi. Ikifika katikati ya Desemba mafundi wa mjini huwa wameelemewa na nguo za Krismasi, na kabla hawajapumua zinaingia sare za shule za Januari. Zipu ya rangi unayoitaka inakuwa imekwisha dukani, na wewe uliyetegemea kuomba msaada mdogo kwa fundi jirani unaambiwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka sikukuu inapita.

Hoja yangu ni moja, nayo nitaishikilia mpaka mwisho. Zawadi ya kushona itatumika, itachafuka, itafuliwa kwa mikono, itafikichwa na kukamuliwa, kisha itaanikwa kwenye jua kali. Kwa sababu hiyo, anayeipima kazi yake kwa kuitazama upande wa nje peke yake anajidanganya. Igeuze ndani nje, uangalie mishono. Ikiwa ndani kuna nyuzi zinazoning'inia na kingo zinazochanguka, zawadi hiyo haitafika Pasaka, hata kama siku ya kukabidhiwa ilipigiwa vigelegele.

Kabla ya kuingia dukani, andika majina ya utakaowapa, na mbele ya kila jina andika jambo moja ambalo mtu huyo hulifanya kila siku. Hapo ndipo zawadi inapopatikana. Mama mdogo anayeuza dagaa Mwaloni hana haja na kitambaa cha mezani chenye lasi. Anahitaji aproni ya kitambaa kizito, yenye mfuko mpana kiunoni uliogawanywa sehemu mbili, upande wa noti ukiwa na zipu na upande wa chenji ukiwa wazi ili mkono wenye maji uingie na kutoka bila kuhangaika. Mdogo wako wa kiume aliye chuoni na anayefua mwenyewe atafurahia mfuko wa nguo chafu wenye kamba ya kuvuta. Binti aliyesuka atapenda boneti ya satini ya kulalia, kwa kuwa satini haikwaruzi nywele kama pamba inavyofanya. Aliyejifungua karibuni, mshonee mbeleko. Nawasihi pia msiandike majina mengi kupita uwezo. Watu watano waliofikiriwa vizuri wanatosha kabisa kwa anayeshona jioni baada ya kazi.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Vitenge vilivyojaa madukani havifanani, hata pale rangi na michoro inapofanana. Kipo cha pamba tupu, kipo cha poliesta, na kipo kilichochanganywa. Muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kwamba ni pamba kwa sababu naye ndivyo alivyoambiwa. Chomoa nyuzi chache kwenye ukingo wa kitambaa, uzishike kwa kibano juu ya sahani, kisha uziwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua haraka ukitoa harufu ya karatasi inayoungua, na huacha majivu mepesi yanayosagika mkononi. Uzi wa poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Uliochanganywa huonyesha tabia zote mbili. Sisemi poliesta haifai kwa lolote. Mfuko wa sokoni wa poliesta hukauka upesi na haukunjamani. Lakini usiishonee foronya, nepi, wala kishikio cha sufuria, kwa maana ikigusana na chungu cha moto huyeyuka na inaweza kuganda kwenye ngozi.

Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya kimetiwa dondo, ndiyo maana kinasimama vizuri dukani, na kikishaoga mara ya kwanza kinalegea na kurudi. Ukikishona kabla hakijarudi, kitarudia mikononi mwa uliyempa, na mshono utakunjamana kwa kuwa uzi wa poliesta ulioshonea haukurudi pamoja nacho. Kifue, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo uchukue chaki na futi. Angalia pia kama kinachuja: lowesha kipande cheupe, kisugue juu ya rangi iliyokolea. Kikitoka na rangi, endelea kusuuza.

Kuna njia nyingine ya kupata pamba nzuri ambayo wengi hawaitumii. Mashuka ya mitumba, kama yale yanayouzwa Mlango Mmoja, mara nyingi ni ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, hivyo yamemaliza kurudi na kuchuja. Mimi huyapenda kwa bitana na kwa nguo za watoto wachanga. Yaangalie dhidi ya mwanga kabla ya kununua, maana katikati ya shuka, pale mwili unapolala, ndipo panapochakaa kwanza. Pande za kichwani na miguuni huwa bado nzima.

Wengi wetu hatuna ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, nyumbani, na ndiyo sababu kingo hubaki zikichanguka. Hakuna haja ya kuinunua. Upo mshono unaofunika kingo zake wenyewe, na mtu mwenye cherehani ya kawaida ya miguu anaushona vizuri. Kwa kawaida unaposhona vipande viwili, unakutanisha nyuso zake. Hapa fanya kinyume: kutanisha migongo, nyuso ziangalie nje, kisha piga mshono sentimita 1 kutoka ukingoni. Mshono huo wa kwanza utaonekana umekosewa, lakini uache. Punguza ukingo kwa mkasi mkali mpaka zibaki milimita 3, bila kubakiza uzi unaochungulia. Geuza kazi sasa nyuso zikutane, ubane ule mshono kwa vidole mpaka ukae kwenye ukingo kabisa, upige pasi, kisha shona tena milimita 5 kutoka hapo. Ukingo uliokatwa umefungiwa ndani, na mkono ukipita hauoni kitu kinachochanguka. Jumla umetumia sentimita 1.5 kila upande, kwa hiyo uiweke kwenye hesabu tangu unapochora. Kwa kitambaa kizito kama jinzi usijaribu, kwa sababu kingo zitakuwa nene mno.

Tuchukue mfano wa mfuko wa sokoni, ambao kila nyumba inauhitaji tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Yadi moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi, baada ya kufuliwa, inatoa mifuko miwili. Kata vipande vinne vyenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 43, na katika kipande kirefu kinachobaki pembeni upate mikanda minne ya sentimita 7 kwa 60. Kunja kila mkanda kwa urefu mara mbili mpaka uwe na tabaka nne, ushone kingo zote mbili. Mbavu na kitako vishonwe kwa mshono nilioueleza. Mdomo ukunje mara mbili, na mahali mkanda unaposhikana na mfuko shona mraba wenye mishono miwili inayokatizana katikati kama alama ya X, kwa maana hapo ndipo uzito wa viazi na ndizi unapolalia. Tumia sindano namba 90/14 na urefu wa mshono wa milimita 2.5. Mapambo yasubiri mpaka hayo yote yamekamilika.

Karibuni kwa maswali na kwa kupingana.

Mchangiaji wa Igoma

Shikamoo mama. Nashukuru kwa maelezo haya. Mimi sina cherehani na sitaipata kabla ya Desemba. Nina sindano, mkasi na muda wa jioni. Je, kuna zawadi ambayo mkono peke yake unaiweza bila kuonekana ya kubahatisha?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Ipo, tena iliyo bora kuliko nyingi za cherehani: doti ya kanga iliyopindwa kwa mkono. Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeungana, na aliyepewa hulazimika kuzitenganisha na kuzipeleka kwa fundi. Wewe mpe zikiwa tayari. Zitenganishe kwa kufuata mstari, kunja ukingo kwa wembamba mara mbili, ushikize kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, halafu pita na mishono midogo inayochukua nyuzi mbili tatu tu za upande wa mbele ili isionekane. Ukimchagulia mama mkwe, soma jina la kanga kwa utulivu kabla ya kulipa, kwa sababu atalisoma yeye na watalisoma majirani zake.

Kama unataka kuunganisha vipande kwa mkono, mfano foronya, usitumie mshono wa kwenda mbele tu, kwa kuwa uzi ukikatika mahali pamoja wote unafunguka. Shona kwa kurudi nyuma: sindano itoke mbele hatua moja, irudi kuingia pale mshono uliotangulia ulipoishia, itokee tena hatua moja mbele. Upande wa juu utaonekana kama wa cherehani. Uzi usizidi urefu wa mkono wako kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko na kurudi, la sivyo utajisokota. Na ukiupitisha kwenye nta kidogo, hata ya mshumaa, utateleza vizuri. Vaa subana kwenye kidole cha kati.

Mchangiaji wa Buhongwa

Dada, nakubaliana na mengi, ila kuhusu kuchuja naona umeliacha jambo la msingi. Kwetu tumefundishwa kuloweka kitenge kipya kwenye maji ya chumvi usiku kucha ili rangi ishike. Mama zetu wamefanya hivyo miaka yote. Kwa nini hukulitaja?

Mleta uzi

Sikulitaja kwa sababu siliamini, kaka, na nitaeleza kwa nini. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi: ikiwa kwenye maji ya rangi, huisaidia rangi kuhama kutoka majini na kuingia kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa kikishatoka kiwandani, rangi iliyoshika imeshika, na ile isiyoshika inakaa juu ya nyuzi ikisubiri maji. Kuloweka kwenye chumvi hakuigeuzi hiyo ya juu kuwa ya kudumu. Kinachosaidia ni kuitoa yote mapema kwa kusuuza mara kwa mara mpaka maji yawe meupe. Naamini mama zetu walifanikiwa kwa sababu baada ya chumvi walisuuza sana. Kama baada ya kusuuza kwingi kitambaa bado kinachuja, usikichanganye na kitambaa cheupe katika zawadi moja, hata kama rangi zake zinapendeza pamoja.

Mchangiaji wa Nansio

Nimesoma kwa makini na nina neno la kupinga. Umeizungumzia zawadi kana kwamba lazima ifanye kazi ya mikono. Huku kwetu kisiwani akina mama wanafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na hakuna anayefutia meza kwa kitambaa hicho. Kinawekwa kwenye mgongo wa kochi siku ya wageni, kinatolewa, kinafuliwa kwa uangalifu na kuhifadhiwa. Bibi yangu alifuma seti kwa ajili ya harusi ya mama, na bado ipo. Je, hiyo nayo tuiite zawadi isiyofaa?

Mleta uzi

Hapana, dada yangu, na ninafurahi umeleta kroshia, maana mimi ni mtu wa cherehani na ningeisahau. Seti ya bibi yako imepita kipimo changu kuliko kitu chochote nilichokitaja, kwa kuwa imefuliwa tangu harusi ya mama yako na bado ipo. Kupendezesha sebule siku ya wageni ni matumizi, na kwa familia nyingi ni matumizi makubwa. Ninachokipinga ni kitambaa cha kufuma kumpa mtu ambaye nyumbani kwake hakuna kochi, kwa sababu tu mfumaji anajua kukifuma.

Kwa anayetaka kufuata njia ya Nansio, naomba azingatie muda. Seti kamili ya makochi haifumwi katika wiki za mwisho. Aanze sasa hivi, au afume kitambaa kimoja cha duara cha katikati ya meza. Nyuzi za kazi nzima zinunuliwe siku moja, kwa sababu nyeupe ya safari hii na nyeupe ya safari ijayo hutofautiana, na tofauti huonekana zaidi baada ya kufuliwa. Miisho ya uzi isikatwe karibu na fundo. Ipitishwe kwa sindano ndani ya ufumaji kwenda na kurudi, ndipo ikatwe.

Mchangiaji wa Misungwi

Mimi ni mzee niliyelima pamba miaka mingi, na nimefurahi kuona vijana wanazungumzia kitambaa kuanzia kwenye uzi. Tunaishi jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambako mbegu zetu kama UK 91 zilizalishwa, na herufi hizo mbili ni za jina la Ukiriguru. Mwezi ujao wengi watakuwa shambani wakipanda. Inaniuma kuona kwamba katika Usukuma yenye pamba, mtu anahitaji kuwasha kiberiti ili ajue kama alichouziwa ni pamba. Swali langu ni dogo. Wajukuu wanataka wanasesere, na nina pamba kidogo nyumbani. Inafaa kujazia?

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Inaniuma hata mimi, hasa nikikumbuka kwamba kiwanda cha Mwatex kilikuwa hapahapa kikisokota na kufuma pamba yetu.

Pamba inafaa kwa kujazia kama imechambuliwa na kutolewa mbegu zote, kwa maana mbegu ina mafuta, na ikipata unyevu huacha madoa na kuvuta wadudu. Hata hivyo pamba ina kasoro moja kwa mwanasesere wa mtoto mdogo anayelambwa na kuburutwa: akifuliwa, pamba hujikusanya mabonge na huchelewa sana kukauka katikati, na msimu huu wa vuli anaweza kuanza kunuka kabla hajakauka. Kwa mwanasesere atakayefuliwa mara kwa mara ningetumia vipande vya sponji vilivyokatwa vidogo sana, au mabaki ya poliesta yaliyochanwa. Pamba yako, mzee, ningeiweka kwenye mto wa kuegemea, na ningeushona mfuko wa ndani peke yake na foronya peke yake, ili kinachofuliwa kila wiki kiwe foronya.

Macho ya mwanasesere yasiwe vifungo kama mtoto hajafikisha miaka 3. Kifungo kinang'oka, na kikimezwa kinaweza kuziba njia ya hewa. Yadarizi kwa uzi mweusi, mishono ikikaribiana mpaka ijae duara. Shingo ishonwe mara mbili, kwa sababu watoto hubeba mwanasesere kwa kichwa.

Mchangiaji wa Kirumba

Mimi nataka kumshonea gauni binti wa kaka yangu, ana miaka minne, na wanaishi Geita. Sijamwona tangu mwaka jana na wifi yangu hana futi ya kupimia. Nifanyeje bila vipimo?

Mleta uzi

Mwombe wifi yako atandaze sakafuni gauni linalomtosha mtoto sasa, alinyooshe, kisha achukue kamba. Kamba ya kwanza ipite kutoka kwapa hadi kwapa, ya pili kutoka bega hadi pindo, ya tatu upana wa mabega. Kila moja aikate, aifunge karatasi yenye jina la kipimo, akutumie kwa mtu anayekuja Mwanza. Akikupigia picha tu hutapata kitu cha kukatia.

Kipimo cha kwapa hadi kwapa ukizidishe mara mbili ndipo upate mzunguko wa gauni lenyewe. Usikipunguze; ongeza sentimita 4 kwa ajili ya kukua, halafu weka lastiki kiunoni ili nyongeza hiyo isionekane. Urefu uache wa magoti, lakini chini acha pindo la sentimita 8, na juu ya pindo piga vikunjo viwili vya kuzunguka gauni zima, vya sentimita 2 kila kimoja, vikionekana kama pambo. Hesabu vizuri: kila kikunjo kinakula sentimita 4 za kitambaa, kwa hiyo ongeza 8 kabla ya kukata. Vikunjo hivyo vishone kwa mishono mirefu ya milimita 4. Mtoto akirefuka, mama yake atafumua kimoja bila kuharibu kitambaa, na mwaka unaofuata kingine. Kwa gauni la namna hii kufua kitambaa kabla ya kukata si hiari, kwa sababu sehemu iliyofichwa ndani ya kikunjo isipochujwa mapema itatoka na rangi tofauti.

Mgongoni weka vifungo badala ya zipu. Kifungo kikipotea kinashonwa jioni hiyohiyo, ilhali zipu ikiharibika gauni linakaa kabatini likisubiri fundi. Tundu la kifungo likatwe baada ya kushonwa kuzunguka, si kabla.

Kuhusu kulifikisha, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 mabasi ya Geita hayasubiri tena kivuko, lakini siku za karibu na Krismasi vifurushi hurundikana. Litume kabla ya tarehe 18 Desemba. Likunje vikunjo vikiwa vimelala, na ndani ya mfuko weka kipande cha kitambaa kilekile, uzi uliobaki na vifungo viwili vya akiba.